Mwalimu Fortunat Hasomi Karatasi

Siku ya kwanza alipoingia ofisini kwetu Wembley na mopu yake, Mwalimu Fortunat aliniangalia shingo, akashuka mpaka viganja vya mikono, kisha akamwambia bosi wangu kwamba mimi nina miaka hamsini na mmoja. Hakuna aliyemuuliza. Bosi, ambaye kwenye pasipoti yangu hakuwahi kusoma zaidi ya jina, alikuwa akiamini nina arobaini na sita, kwa kuwa ndivyo nilivyomwambia. Mwalimu alikuwa amepatia barabara. Nilimchukia papo hapo, na nayasema haya mapema ili msije mkadhani nasimulia habari zake kwa sababu nilimpenda.

Mimi ni Haifa, mzaliwa wa Unguja, karani wa ofisi moja iliyo juu ya duka la sari kwenye barabara ya Ealing. Bosi wangu anaitwa Bhavesh. Baba yake aliuza vitambaa Kisumu kabla ya kuhamia huku, kwa hiyo Bhavesh anakiongea Kiswahili vizuri tu anapotaka kutukana. Ujanani aliishi Marekani miaka kumi na mmoja, akimsimamia binamu yake hoteli ndogo ya kando ya barabara, na kutoka huko alirudi na kisukari na mapenzi ya besiboli. Kisukari anakitibu. Besiboli ndiyo inayotulisha.

Kazi yetu ni barua. Kila wiki tunawatumia watu wa Marekani, kwa barua pepe, maelezo marefu ya kupima nani kasajiliwa wapi na kama anastahili. Kule mchezaji akishaitumikia ligi miaka sita na mkataba wake ukaisha, anakuwa mtu huru. Timu yoyote inaweza kumchukua, na majira ya baridi yote timu zinamzunguka zikimpima. Huyu apewe miaka mitano, yule apewe miwili, yule aambiwe asante. Bhavesh hutoa alama kama mwalimu wa darasa la nne. Wanaomsoma ni mashabiki wengi na, nasikia, watu wachache wanaokaa ndani ya timu zenyewe na kufanya maamuzi.

Nilichokielewa baada ya miaka saba ya kupiga chapa barua hizo ni kwamba umri ndio bei. Mchezaji wa miaka thelathini aliyepiga vizuri mwaka jana ni lulu. Mwenye thelathini na nne aliyepiga vilevile, kwa namba zilezile, ni mzigo. Timu hailipi ulichokwisha kufanya, inalipa utakachofanya, na hicho kimo mwilini mwako kinasubiri kuharibika. Bhavesh anapenda kulisema hilo akiwa na kitafunio mkononi.

Sasa huyu Fortunat. Ni Mkongo wa Bukavu. Asubuhi alisafisha ofisi, na siku za mechi alikwenda uwanja mkubwa kusafisha viti baada ya watu kuondoka, ngazi juu ngazi chini. Wiki ya pili alikuwa akipiga mopu nyuma ya kiti cha Bhavesh, na kwenye kioo cha kompyuta kulikuwa na video ya mchezaji mmoja aliyetarajiwa kupata mkataba wa miaka sita. Yule mchezaji alianguka, akainuka. Mwalimu akasimamisha mopu.

"Patron, huyu muntu hana makumi tatu," akasema. "Huyu iko na makumi tatu na tatu. Angalia anavyoinuka."

Bhavesh alicheka mpaka akakohoa. Lakini ni mtu wa kubahatisha, akaiandika kwenye barua kama utani. Miezi mitano baadaye yule mchezaji aliumia, na gazeti moja la huko likafukua cheti chake cha kuzaliwa cha kweli. Thelathini na tatu. Tangu siku hiyo Mwalimu alipewa kiti. Kiti chenyewe kilikuwa kibovu, magurudumu mawili yamekwama, lakini alikaa juu yake kwa muda wa saa moja kila siku, mopu ikiwa imeegemezwa ukutani, akiangalia magoti ya vijana wa watu na kuwatajia miaka yao. Kwenye barua tulimwita mtaalamu wetu wa miili. Kwenye karatasi ya mshahara alibaki mfagizi.

Kazi hiyo hakuanzia kwetu. Kwao alikuwa mwalimu wa michezo katika shule ya misheni, na kila mwaka palipokuwa na mashindano ya shule, yeye ndiye aliyewapima watoto kujua nani kadanganya umri. Walikuja na vyeti vya ubatizo wamevikunja mfukoni, na yeye hakuvifungua. Aliwavua viatu, akawaweka mikono kichwani, akawachutamisha na kuwainua mara tatu mbele ya umati. Halafu akatamka. Alipotusimulia hayo, uso wake ulikuwa na raha ambayo sikuwahi kuiona tena.

"Karatasi inaandikwa na muntu, na muntu anasema bongo," alituambia. Bongo kwao ni uongo. "Miye sisomake karatasi. Naangaliaka magoti."

Bhavesh alipenda maneno hayo, akaniambia niyaweke juu kabisa ya barua kwa herufi nene.

Halafu likaja suala la Eladio. Hilo si jina lake halisi. Alikuwa mdakaji, yule mchezaji anayechutama nyuma ya mpigaji mchezo mzima, juu chini, juu chini, mara mia na zaidi kwa siku. Alitoka kwenye kisiwa kimoja cha Karibi, vyeti vyake vikisema thelathini, na timu moja ilishaweka mezani mkataba wa miaka mitano. Mwalimu aliangalia video zake siku tatu. Akasema thelathini na nne, na akalisema hivyo hivyo kila Bhavesh alipouliza upya. Hatukuandika kwamba kijana ni mwongo, maana Bhavesh anaogopa mawakili. Tuliandika kwamba magoti yake yamekitangulia cheti chake. Mimi ndiye niliyeitafuta sentensi hiyo kwa Kiingereza, na niliiona nzuri.

Maneno yakasambaa, na timu ile ikaurudisha mkataba kabatini. Nyingine zikaona mwenzao amekimbia, nazo zikakimbia. Eladio alikaa bila timu mpaka Februari, akasaini mwaka mmoja na timu dhaifu kuliko zote kwa malipo ya kinda. Baadaye akatoa kila kitu: daftari la hospitali alikozaliwa, mtawa aliyemzalisha mama yake, mwalimu wake wa darasa la kwanza. Vyote vilikubaliana. Thelathini. Nilimpelekea Bhavesh habari hiyo nikiwa nimeichapa, akaiweka chini ya kikombe chake cha chai na kuniambia watu hawalipii masahihisho.

Msimu ule Eladio alicheza kuliko wote wa nafasi yake. Vuli ilipofika barua yetu ilitoa tuzo ya usajili wa thamani kubwa kuliko wote wa mwaka, mchezaji bora kwa bei ya chini, na tuzo ilikwenda kwa timu iliyompata Eladio kwa bei ya bure. Bei hiyo tuliishusha sisi. Niliuliza kama tunaona aibu. Bhavesh alisema alama ni alama. Mwalimu alisema kijana yule angevunjika mwakani, nisubiri nione, na akaichukua mopu yake.

Sasa mnajua ni mtu wa aina gani. Ndiyo maana mwezi wa Oktoba, nilipomkuta amepiga magoti chini ya meza yangu na hawezi kuinuka, jambo la kwanza nililolihisi halikuwa huruma. Nilisema moyoni, kumbe. Kisha nikaona machozi yanamtoka na nikamshika kwapa.

Alikuwa na nyonga iliyokwisha. Daktari alimkataza ngazi tangu kiangazi, na yeye alikuwa anapanda ngazi za uwanja kila siku ya mechi. Nikamwambia aache kazi. Akasema hawezi, kwa kuwa kwa karatasi ana miaka hamsini na minane. Nikamuuliza, na kwa magoti? Hakutabasamu. Akasema sitini na saba.

Hadithi yenyewe ni hii. Mwaka 2008 alikuwa kambi ya wakimbizi, na kambini zilivuma habari kwamba wanaotaka watu wa kupeleka Ulaya hawachukui mtu aliyefika hamsini, wanataka mwenye nguvu ya kufanya kazi. Yeye alikuwa amefika hamsini mwaka uleule. Aling'oa mvi moja moja kwa siku mbili, akanyoosha mgongo, akaenda kwenye meza ya karani na kusema arobaini na moja. Karani akaandika tarehe mosi Januari 1967, kama alivyowaandikia wengine wote tarehe mosi Januari, na akaita anayefuata.

"Hakuniangalia hata goti," Mwalimu aliniambia. Mnajua alilisema kwa dharau. Alikuwa akimdharau karani wa watu kwa kuifanya kazi vibaya.

Kwa miaka ya kweli alikuwa ameshapita umri wa pensheni. Kwa miaka ya karatasi alibakiwa na tisa. Aliniambia hataki kingine duniani, hataki kusafiri wala kurudi Bukavu, anataka kukaa tu. Nikampeleka Stratford kwa wakili mmoja mwanamke anayeshauri watu bure siku za Jumatano. Wakili alisikiliza yote, akasema mambo mawili. Kwanza, dada yake aliyeko Bukavu atume nakala ya daftari la ubatizo. Pili, apatikane mtu mwenye heshima zake, anayeishi hapa, aliyemjua kabla hajatoka Kongo, aape kwa maandishi. Vyote viwili vikiwepo kuna matumaini makubwa. Bila shahidi asithubutu kulifungua jambo lenyewe, maana atakuwa amekiri kudanganya umri bila chochote cha kumtetea, na hajui watamfanya nini.

Nakala ya ubatizo ilikuja baada ya wiki mbili, picha safi kabisa, tarehe 9 Machi 1958. Shahidi alikuwa mmoja tu London nzima. Anaitwa Baudouin, mzee wa kanisa huko Woolwich na msimamizi katika nyumba moja ya kutunza wazee. Alisoma shule ileile ya misheni, na mwaka 1984 Fortunat alikuwa mwalimu wake. Hilo peke yake lilitosha, kwa sababu kama mtu alizaliwa 1967 basi mwaka huo alikuwa na miaka kumi na saba, na hakuna misheni inayomwajiri mwalimu wa miaka kumi na saba. Kwa karatasi, mwalimu alimzidi mwanafunzi wake miaka miwili.

Nilimuuliza kama wanaelewana. Alishangaa swali. Akasema mwanafunzi hawezi kumkatalia mwalimu wake, kwao haiwezekani, hata akiwa waziri atasimama. Aliniomba nimwandikie tamko kwa Kiingereza, lenye nafasi ya sahihi, na niende naye Jumapili. Nikaliandika. Lilikuwa na sentensi nne tu.

Kanisa lao hukodi ukumbi wa shule. Tulifika ibada imekwisha, wanawake wanapanga maandazi na vinywaji, wanaume wanakunja viti. Baudouin ni mtu mnene, suti nzuri, sauti ya mtu aliyezoea kutiiwa. Alimtambua Mwalimu kutoka mlangoni. Alisimama kweli, kama nilivyoambiwa, akamshika mkono kwa mikono yake miwili, akamtafutia kiti, na mkewe Sidonie akatuletea chai. Mwalimu alinitupia jicho la kusema si nilikuambia. Kisha akaeleza haja yake kama anayempa mtoto kazi ya nyumbani. Hakuomba. Alisema, utatia sahihi hapa.

Baudouin alilisoma tamko polepole na kusema kila neno lake ni kweli. Akatoa kalamu. Halafu akamuuliza Mwalimu kama anakumbuka jambo jingine lolote la mwaka huo. Mwalimu akasema anakumbuka kwamba alikuwa na mbio.

Basi Baudouin akamkumbusha, bila kupandisha sauti, na watu waliokuwa wanakunja viti wakaanza kusogea. Yalikuwa mashindano ya walio chini ya miaka kumi na sita. Yeye alikuwa na kumi na mitano. Siku hiyo alikuja mtu kutoka Kinshasa, wa klabu kubwa ya mpira, na daftari lake, kutafuta watoto wa kwenda kuwalea, na kila mtu alijua amekuja kwa ajili ya nani. Cheti cha ubatizo mama yake alikuwa amekifunga kwenye kitambaa. Mwalimu hakukifungua. Alimvua viatu mbele ya shule nne, akamchutamisha mara tatu, akasema kumi na nane. Mtu wa Kinshasa akafunga daftari. Mama yake alirudi nyumbani kwa miguu akizomewa kuwa amezaa mwongo, na mwaka uliofuata Baudouin alikuwa akibeba mizigo sokoni.

Nilimwangalia Mwalimu. Wallahi hakuwa anakumbuka. Alikuwa akikunja uso kama mtu anayetafuta jina. Aliwapima watoto wengi.

"Tosha viatu, Mwalimu," Baudouin akasema. Kwa Kiswahili chao ni kumwambia avue.

Nilisimama, nikasema mzee huyu ana nyonga mbovu. Lakini Mwalimu mwenyewe alishainama, anafungua kamba. Na hapa ndipo moyo wangu ulipovunjika, kwa sababu niliona amefurahi. Alidhani amepata alichokikosa kambini, mtu wa kumwangalia. Aliamini magoti yake yatamsemea na mambo yataisha. Akasema vizuri, angalia mwenyewe, akakunja suruali mpaka juu, akaweka mikono kichwani.

"Chutama," Baudouin akasema.

Akashuka. Magoti yakalia, watu wote wakayasikia. Akainuka akitetemeka, jasho limemjaa usoni. Mara ya pili aliinuka kwa kushika meza, na Baudouin akamwambia mikono kichwani. Mara ya tatu alishuka na nyonga ikagoma. Alikaa vile chini, miguu mitupu kwenye sakafu ya ukumbi, kisha akaanguka kwa ubavu. Sidonie alikuja na kiti, mumewe akamzuia kwa kidole.

Nikaitoa nakala ya ubatizo kwenye mkoba na kumsogezea Baudouin. Aliiweka mezani bila kuikunjua, akaweka kikombe juu yake. Akaniambia kwamba yeye anawaogesha wazee kila siku, anajua mwili wa miaka sitini na saba hata gizani, wala hana haja ya kuambiwa. Kisha akamwinamia Mwalimu.

"Nitatia sahihi," akasema. "Sema kitu kimoja, hapa mbele ya hawa bantu. Sema ulikosea."

Jambo lote lilikuwa hapo, na lilikuwa dogo. Neno moja, na mtu huyu angekaa maisha yake yote yaliyobaki. Mimi ningelisema mara ishirini na kuongeza samahani. Mwalimu alijiinua kwa kiwiko. Hakumwangalia Baudouin usoni, aliyaangalia magoti yake ndani ya ile suti, kwa muda mrefu, kama anavyowaangalia wachezaji kwenye kioo.

"Ulikuwa na kumi na nane," akasema.

Baudouin akatikisa kichwa kukubali, kama mtu aliyelitegemea jibu. Akarudisha kalamu mfukoni, akalikunja tamko langu mara mbili na kunipa kwa adabu.

"Basi weye iko na hamsini na nane," akasema, na akaenda kusaidia kukunja viti.

Niliyemvisha viatu ni mimi. Kwenye treni ya kurudi sikuweza kuvumilia. Nilimuuliza kama siku ile ya 1984 alikuwa na uhakika, na kama angeniambia hana ningemsamehe hata shingo yangu. Aliangalia dirishani vituo viwili vizima. Akasema mtoto yule alikuwa anaogopa, na mtu anayeogopa ana uongo. Nikamwambia mtoto wa miaka kumi na mitano, kavuliwa viatu mbele ya shule nne, asiogope ana nini. Baada ya kituo kingine akasema kwamba angekubali amekosea, kesho asubuhi patron angemwamini kwa lipi, na kile kiti angekikalia nani. Ndipo nikaelewa. Ilikuwa ni saa moja ya kukaa kwa siku, kwenye kiti cha magurudumu mabovu, na ndiyo aliyoiona ya uhakika. Nilimhurumia, na nilitamani kumzaba kibao, vyote kwa pamoja.

Jumatatu tulikuta kiti kimesukumwa ukutani. Tangu kiangazi Bhavesh alikuwa akijaribu programu ya kompyuta inayomwangalia mtu anavyotembea kwenye video na kumkadiria umri wa mwili wake. Mwisho wa wiki alikuwa ameinunua moja kwa moja. Alikuwa amefurahi kama mtoto wa sikukuu. Aliweka simu yake juu ya kabati la mafaili, akamwambia Mwalimu atembee kutoka mlangoni mpaka dirishani ili tuijaribu.

Mwalimu akatembea. Nyonga ilikuwa bado imevimba tangu jana, alikuwa akiuburuta mguu. Programu ikazungusha duara lake, ikatoa jibu.

"Sixty-eight," Bhavesh akasoma. Akacheka. "Mzee, wewe iko finished. Mimi naweza kupa one year, na hata hiyo ni overpay."

Akanitazama nicheke. Kisha akaacha kucheka yeye mwenyewe, nikaona anafikiri. Aliuliza kama ni kweli. Mwalimu hakusema kitu, na kwa mtu aliyezoea kuwatajia wengine miaka yao, kunyamaza kule kulikuwa ni jibu. Bhavesh akasema hawezi kuwa na mtu wa umri huo kwenye ngazi zake zilizolowa. Akianguka, bima itakataa, watamshitaki, atafilisika. Kwa ajili ya kuangalia wachezaji sasa ana mashine. Alilisema bila chuki hata kidogo, kwa sauti ileile anayotumia kusema mrushaji fulani asipewe mwaka wa tatu.

"Patron," Mwalimu akasema, "karatasi yangu inasema hamsini na nane."

Aliitoa mfukoni. Kile kitambulisho chenye tarehe mosi Januari, alikuwa anatembea nacho. Alikikunjua kipochi chake cha plastiki na kumnyooshea, na miaka yote niliyomjua sikuwahi kumwona akimwonyesha mtu karatasi.

Bhavesh hakuipokea.

"Mwalimu, wewe mwenyewe ndiyo umetufundisha," akasema. "Sisi hatusomi karatasi."

Siku hiyohiyo nilipiga simu Stratford. Nikamuuliza wakili kama jibu la programu linaweza kusimama mahali pa shahidi, kwa kuwa lilikaribia kabisa na lilitolewa bila kuulizwa. Alinisikiliza kwa upole. Akasema kwamba kompyuta haikumjua Bukavu.

Nilimsindikiza Mwalimu kushuka ngazi. Alishika chuma kwa mkono mmoja na bega langu kwa mwingine, anashusha mguu mzima kwanza, halafu anauvuta ule mwingine. Tulichukua muda mrefu, na mteja mmoja wa sari alitusubiri chini huku akiangalia saa. Tulipofika barabarani Mwalimu aliniuliza kama najua mahali wanapotafuta msafishaji. Nikasema dada mmoja wa msikitini kwetu anawajua watu wenye ofisi Stratford, nitamuuliza. Nikamuuliza nimwambie ana miaka mingapi.

Alifikiri kidogo, akavuta shati na kunyoosha mgongo.

"Hamsini na nane," akasema.